Walinzi Wawili wa Mashine ya Josefina

Josefina Mikaeli ni mtani wangu, kwa hiyo asitegemee nimpambe hapa. Mimi ni Mzigua wa Mazingara, upande wa Handeni. Babu yake yeye alitoka Unyamwezi akaja kukata mkonge huku Korogwe, akaoa, akazeeka, akazikwa, na wajukuu wake hata njia ya kurudi Tabora hawaijui. Wazigua na Wanyamwezi wana utani wa tangu misafara ya miguu ya kwenda pwani, na mtani husema yale ambayo ndugu akiyasema kikao kinaitishwa. Akifungua mlango asubuhi mimi humwita mpagazi, nikamuuliza mzigo wa bwana wake kautua wapi. Yeye huniita njaa. "Njaa, umeamkaje? Kwenu mvua imenyesha, au bado mnakodolea macho mawingu ya wenzenu?" Ndiyo salamu yetu, na mteja mgeni akitusikia hudhani tuna kesi.

Naitwa Semboja, fundi cherehani. Cherehani yangu iko kwenye baraza ya ofisi yake ya kuchapa, hapa Manundu, na kwa kuwa nimekaa pale tangu alipofungua, naona nina haki ya kusimulia maisha yake kuliko hao ndugu zake wa Dar es Salaam, ambao nitawafikia.

Alizaliwa kambini, kwenye zile nyumba za mstari za shamba la mkonge. Ukoo wao ni mchanganyiko: babu Mwislamu, baba Mkatoliki, shangazi mmoja Mlokole, na Idi na Krismasi zote kwao zilikuwa za pilau. Baba yake, mzee Mikaeli, alikuwa karani wa mizani, na ndiye aliyemfundisha binti yake kuchapa, Jumapili baada ya misa, kwenye taipureta ya ofisi. Josefina alikaa na ile mashine mpaka vidole vikajua njia vyenyewe. Akaajiriwa mchapaji kwenye shirika moja la umma, akapata meza yenye droo, akaanza kuvaa viatu vya kisigino. Kisha likaja soko huria. Shamba la mkonge likafungwa, likauzwa. Shirika nalo likapunguza watu, na wa kwanza kupunguzwa wakawa wachapaji, maana bosi mpya alisema barua zake anachapa mwenyewe. Wengi wa rika lake walirudi kulima, na wengine walilala wakiangalia dari wakingoja Serikali ibadilishe mawazo. Josefina alinunua taipureta yake ileile shirika lilipouza samani zake, akaibeba kichwani, damu ya kipagazi haipotei, akaitua barazani, akaanza kuwachapia wenzake walioachishwa maombi ya kazi.

Ana tabia moja mbaya. Hawezi kuchapa bila kusoma kwa mdomo, polepole, kama mtu anayesali rozari. Kwa sababu hiyo mimi najua nani Korogwe anaomba uhamisho, nani anamshitaki shemeji yake kwa ajili ya mpaka wa shamba, na nani kwenye kadi ya harusi ameandika "familia ya marehemu" wakati marehemu mwenyewe yupo anakunywa pombe. Ndiyo maana ukija mtihani wa shule hunifukuza. Nabeba cherehani hadi ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vipuri vya baiskeli, nashona juani mpaka amalize. Nikilalamika ananiambia, "Mzigua hata mtihani wa darasa la pili utauuza."

Raymond alikuwa mdogo wake, wa kiume peke yake. Alirudi kutoka Dar na kompyuta ya mtumba iliyotoka Dubai, kaifunga ndani ya blanketi kama mtoto mgonjwa, akasema taipureta sasa ipumzike. Nilimpenda Raymond, sitaki mtu anisingizie. Alikuwa mcheshi, alijua nyaya, na akikuona una shida aliiacha ya kwake. Lakini kuchapa hakuchapa hata mstari. Alikuwa akitembea ofisini mikono imefungwa nyuma, kidevu juu, kama mkuu wa wilaya anayekagua gwaride, halafu anauliza, "Dada, chai iko wapi?" Na watu kwa kuwa ni watu, wakaanza kuiita ofisi "kwa Raymond". Mwanamume ameingia, basi jina limekuwa lake. Josefina anachapa, Raymond anashukuriwa. Mimi jambo hilo liliniudhi, na nilimwambia Josefina mbele ya wateja. Alinijibu, "Acha, njaa. Jina halichapi."

Raymond alifariki masika ya mwaka elfu mbili na tano, kwa homa iliyomchukua upesi mno.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana vijana wa siku hizi wanadhani utani ni matusi tu. Kwetu, msiba una kazi ambazo ndugu wa damu hawawezi kuzifanya. Mikono yao ni mizito. Nani atakunja shuka la mdogo wake? Nani atatoa viatu vyake nje? Kazi hiyo ni ya mtani. Mtani anavaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anamsema vibaya hadharani, analala kaburini na kukataa kutoka mpaka akombolewe kwa kitu chochote, hata sahani ya wali. Wafiwa wanacheka bila kutaka, na ule ufa wa kicheko ndipo kilio kinapopatia njia. Baada ya mazishi mtani anafagia nyumba mpaka pembeni. Kabla hajafagia, vitu vya marehemu havihamishwi, na msiba unahesabiwa kuwa bado uko ndani.

Nilifika pale kambini nimejiandaa. Nilishavaa koti la Raymond, nimefunga mikono nyuma, nimeinua kidevu. Baba yao mdogo, yule wa Dar, mkubwa wa ukoo tangu mzee Mikaeli afariki, akanishika mkono. Alisema taratibu, kwa adabu za mjini, kwamba wamekuja wageni wa heshima kutoka ofisini kwake na mambo ya kishamba yangoje. Nilimwangalia Josefina. Alikuwa anatazama chini. Nikavua koti nikamrudishia Josefina. Raymond alizikwa kimya na kwa mpangilio mzuri, na watu wakatawanyika kama waliotoka kwenye mkutano. Mpaka leo nina kinyongo na yule mzee.

Kabla hajaondoka, baba mdogo alitoa uamuzi. Mashine iuzwe, ofisi ifungwe, Josefina aende Dar akakae nyumbani kwake awaangalie watoto. Josefina aliomba apewe nafasi ajaribu. Akapewa mwaka mmoja. Mwanamke aliyezidi miaka arobaini, aliyejilisha mwenyewe kwa vidole vyake tangu ujana, akapewa mwaka kama mtoto anayepewa likizo. Nilitaka kusema neno, lakini siku ile utani ulikuwa umepigwa marufuku.

Kwa hiyo mwaka ule Josefina alikuwa na jambo moja tu moyoni: abaki na ofisi yake. Wateja wa hapa mjini walikuwepo, lakini mkate wa kweli ulitoka milimani. Shule za sekondari za Bungu na Vugiri zilichapisha mitihani kwake. Mwalimu mmoja mkuu wa huko Bungu, Mwalimu Habakuki, aliwakusanyia wenzake kazi, akaifunga pamoja na flashi, akamkabidhi kondakta wa basi. Juu ya bahasha aliandika "Raymond". Josefina alichapa, akafunga, akarudisha kwa kondakta yuleyule. Hakumwambia mwalimu kwamba Raymond amekufa.

"Mwambie," nilimshauri.

"Akijua ni mimi peke yangu atapeleka Tanga mjini."

"Peke yako tangu lini? Miaka yote ni wewe."

"Yeye hajui hilo, mtani," alisema, na akarudi kwenye kibao chake cha herufi.

Sasa nifike kwenye walinzi. Raymond aliiwekea mashine antivairasi, programu ya kulinda isiingie virusi. Ilikaa kwenye kona ya kioo, ngao ndogo ya njano, na ukiibonyeza inakuonyesha kimaandishi kwamba mwenyewe ni Raymond Mikaeli. Baada ya kifo chake muda wake uliisha. Ilikuwa haipati tena habari za virusi vipya, imekaa tu kama mlinzi aliyesinzia na funguo mkononi. Na virusi vya mwaka ule vilikuwa na fujo. Kila flashi ya mwalimu ilikuja na ukoo mzima. Josefina akifungua folda moja zinazaliwa mbili, na ile ya kweli haionekani.

Akamwita Abdi, fundi kompyuta wa Handeni, kijana mwaminifu ila siku zote ana haraka. Abdi alikuja siku ya soko na sidii ya antivairasi mpya. Nilikuwa natia vifungo shati, nikasikia akiuliza, "Dada Jose, ile ya zamani umeshaitoa?"

"Nimeitoa," alisema Josefina.

Abdi akatazama kioo, hakuona ngao ya njano, akaweka mpya, akakimbilia basi.

Hakuwa ameitoa. Alichofanya, nilikuja kujua baadaye, ni kuiburuta ile picha tu kutoka kwenye uso wa kioo na kuificha isionekane. Programu yenyewe ilibaki ndani na nguvu zake zote. Msidhani hakujua tofauti. Josefina anaijua mashine ile kuliko anavyojua jiko lake. Kuficha aliweza, kutoa hakuweza. Nyuma ya mlango, koti la Raymond lilikuwa bado linaning'inia kwenye msumari, na kitambaa kimetupiwa juu yake, vilevile lisionekane.

Wiki iliyofuata kikaja kifurushi kutoka Bungu, kinene kuliko vyote. Ulikuwa mtihani wa majaribio wa kidato cha nne kwa shule zote za milimani zilizoungana. Kikaratasi cha mwalimu kilisema: "Raymond, hii ikienda vizuri, wenzangu wamekubali kazi zetu zote za mwaka ziwe kwako. Nahitaji ifike Jumamosi kwa basi la asubuhi." Josefina alikisoma kwa mdomo kama kawaida yake, ndiyo maana nimekijua. Aliketi kidogo, halafu akasema, "Njaa, beba cherehani yako."

Nikabeba. Huo ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, na Ijumaa ile zamu ya umeme wa mchana ilikuwa yetu. Kutoka ng'ambo nilimwona kupitia dirishani, viatu kavua kama afanyavyo akiwa na kazi kubwa, midomo inachezacheza. Kisha midomo ikaacha. Akabonyeza, akangoja. Akabonyeza tena. Akainama chini ya meza, akainuka. Nilivuka barabara bila kuitwa.

"Mashine haiendi," alisema. "Inaandika herufi moja, inalala."

Kwenye kioo palikuwa na visanduku viwili. Kimoja kilisema kimekamata kirusi, na cha pili kilisema kimekamata kirusi. Ukikifunga kimoja, cha pili kinafunguka juu yake. Tukampigia Abdi kwa simu yangu, kwa sauti ya nje ili wote tusikie. Alikuwa Handeni, nyuma yake mbuzi wanalia. Josefina alimsomea yaliyoandikwa kwenye visanduku.

Abdi akasema, "Dada Jose, uliniambia umeitoa ya zamani."

Josefina alifunga kisanduku kimoja, cha pili kikafunguka.

"Fahali wawili hawakai zizi moja, dada. Zote mbili zinataka kukagua kila faili kabla halijafunguliwa. Hii ikishika faili, ile inaona kuna mkono wa mtu, inamkamata mwenzake. Na ile ghala ya zamani iliyofungiwa virusi, mpya inaiona ni kiota cha virusi. Sasa zinashikana mashati na wewe hupiti. Toa zote mbili. Ya zamani itoke yote, siyo picha. Halafu rudisha mpya peke yake."

Akampa maelekezo, na Josefina akayarudia kwa mdomo ili asisahau. Awashe mashine kwa ile njia ya usalama, ambayo walinzi hawaamki. Aondoe mpya. Aondoe ya zamani kwa kile kiprogramu cha kufagilia alichokiacha kwenye sidii, kilichotengenezwa na wenyewe walioiunda, maana hicho hufuata na mabaki. Atazame kama folda yake imebaki, na ikibaki aifute. Azime, awashe. Na katikati ya hayo yote flashi ya mtu isichomekwe, kwa kuwa wakati huo nyumba haina mlinzi kabisa.

"Umeelewa, dada?"

"Nimeelewa," alisema, na kweli alikuwa ameelewa.

Mpya ilitoka bila matata. Akaingiza sidii, akafungua kile cha kufagilia. Kioo kikauliza swali, na Josefina akalitafsiri kwa sauti, sijui alikuwa ananisomea mimi au nani: "Una uhakika unataka kuiondoa kabisa?" Chini ya swali palikuwa na jina la Raymond Mikaeli, mwenye programu.

Akaiacha mausi. Akaweka mikono mapajani.

"Bonyeza," nilisema.

"Siwezi."

"Huwezi nini? Mwalimu anangoja mtihani. Baba yako mdogo anangoja ushindwe. Bonyeza!"

"Mtani, ni mkono wake ulioiweka hii." Alisema hivyo bila kulia, na uso wake ulikuwa mkavu. Nikakumbuka kwamba sikuwahi kuuona umelowa, wala kwenye mazishi, wala baadaye. Hasira yangu ikaniishia papo hapo, nikaona aibu kwa kumpigia kelele. Mtu huyu alikuwa hajamaliza kuzika, na aliyepaswa kumsaidia amesimama mbele yake anagombana naye kuhusu kitufe.

Nilikwenda nyuma ya mlango. Nikatoa kitambaa, nikachukua koti, nikalivaa. Lilinibana mabegani. Nikafunga mikono nyuma, nikainua kidevu, nikapita katikati ya ofisi nikikagua gwaride.

"Dada," nilisema, "chai iko wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Chai iko wapi, nauliza! Mimi mkuu wa ofisi nimetembea tangu asubuhi kutoka ukuta huu mpaka ule, nimechoka! Miaka yote nashukuriwa mpaka mgongo unauma, na bado hakuna chai?"

Sauti ikamtoka. Ilianza kama kikohozi, ikawa kicheko, akaweka kiganja mdomoni kukizuia. Sikumpa nafasi. Nilimsema Raymond kwa uvivu wake, kwa deki ya video aliyoifungua siku moja na kushindwa kuifunga, kwa wasichana wa stendi aliowaahidi kuwafundisha kompyuta, kwa kufa kijana na kutuachia mashine mbovu ya Dubai. Hapo kwenye kufa ndipo kicheko kilipogeuka. Josefina aliinama juu ya kibao cha herufi akalia kwa sauti, kilio cha msibani hasa, mpaka yule mwenye duka la vipuri akaja mlangoni. Nilimwashiria aondoke. Naye ni Mzigua, aliona koti, akaelewa, akaenda zake.

Nikamwacha alie. Nikachukua ufagio, nikafagia chumba kuanzia pembeni, chini ya meza, nyuma ya kabati la karatasi. Nikatoa nje mto wa kiti cha Raymond, nikaukung'uta, nikauweka juani. Halafu nikamwambia, "Pisha, mpagazi. Mtani hajamaliza kufagia." Nikakaa mbele ya mashine nikiwa na koti lilelile. Sijui kompyuta, na sikujifanya najua. "Wapi?"

Akanionyesha kwa kidole, machozi yanadondoka kwenye meza. "Hapo. Palipoandikwa ndiyo."

Nilibonyeza. Kamstari kakaanza kujaa taratibu. Kioo kikauliza tena, akanitafsiria: niondoe na kumbukumbu zake zote? Nilimwangalia, akatikisa kichwa kukubali, nikabonyeza. Ilipomaliza alitazama kwenye orodha ya folda kama Abdi alivyosema. "Folda imebaki," alisema, sauti imekauka. "Haina kitu kikubwa ndani. Inaweza kukaa."

"Kwetu hatufagii nusu chumba."

"Haya," alisema. Akanionyesha, nikaifuta. Tukazima, tukawasha.

Kona ya kioo ilikuwa tupu. Tuliitazama wote wawili, na nakiri nilisikia uchungu, kwa sababu mimi pia nilimpenda yule kijana. Kisha nikainuka, nikamrudishia kiti chake. Kuweka mpya ilikuwa kazi yake, na hiyo haikuwa na mtani ndani. Programu ilimwuliza mwenye mashine ni nani, akaandika Josefina Mikaeli kwa kasi yake ya kawaida, akasonga mbele.

"Nikukomboe kwa kitu gani?" aliuliza, maana mtani aliyefanya kazi hatoki bure.

"Koti."

"Linakubana."

"Mimi ni fundi cherehani."

Alichomeka flashi ya mwalimu. Mlinzi mpya, sasa yuko peke yake, akapiga kelele mara moja, akakamata ukoo wote wa virusi, na folda ya mtihani ikaonekana nzima, michoro ya jiografia na yote. Mashine ikawa nyepesi. Josefina alinawa uso kwenye ndoo, akaketi upya, na bila kunitazama akaelekeza kidole ng'ambo ya barabara. Nilibeba cherehani yangu nikiwa nimevaa koti la marehemu, watu wa Manundu wakinishangaa. Jua halijazama alikuwa amefunga bahasha.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunamngoja kondakta, akashuka Mwalimu Habakuki mwenyewe. Ni Msambaa mfupi, mwenye sweta hata kwenye joto la Korogwe. Alisema mtihani wa shule nyingi namna hii hakutaka uguswe na mikono mingi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Josefina.

"Marahaba, mama. Raymond yuko?"

Niliusimamisha mguu wangu kwenye cherehani. Josefina alikuwa na bahasha mkononi, na angeweza kusema katoka kidogo, katuma salamu. Uongo ulikuwa tayari njiani na mwalimu alikuwa na haraka ya basi la kurudi.

"Raymond alifariki, Mwalimu. Masika ya mwaka jana. Kazi zako zote nilizichapa mimi, za tangu hapo na za kabla yake. Na hii nimeichapa mimi."

Mwalimu Habakuki alikaa kwenye benchi langu, juu ya suruali ya mtu. Alisema pole. Alisema tena pole, akauliza ilikuwaje, na Josefina akamsimulia tangu homa ilipoanza hadi mwisho, kwa utulivu, huku akilia kidogo bila kujificha. Mwalimu alifuta miwani. Baadaye alifungua bahasha akapitia karatasi moja moja, na mimi niligeuza uso ukutani kabla sijaambiwa.

"Ni safi," alisema. Akazirudisha. "Wa kidato cha pili utakuwa tayari mwezi ujao. Sasa juu ya bahasha niandike jina gani?"

"Josefina Mikaeli."

Akalitoa daftari lake la mfukoni, akaliandika jina hilo, akaaga.

Basi lilipoondoka, Josefina aliniomba simu. Alisimama palepale barazani, hakuingia ndani, akampigia baba yake mdogo Dar es Salaam. Akamwamkia, akauliza habari za watoto, akasikiliza habari ndefu. Kisha akamwambia kwamba mashine haiuzwi, na kwamba yeye haji. Niliisikia sauti ya mzee ikipanda ndani ya simu, inauliza nani kamshauri, na kama amesahau kuwa wana msiba ambao haujatimiza mwaka.

"Msiba umekwisha, baba," alisema Josefina. "Ninyi mlimzika mwaka jana. Sisi tumemzika jana."